Kiwavi Juu ya Kiwavi

Lugha yetu ina neno moja kwa wote wawili:
jani linalowasha ni kiwavi,
na mdudu mweusi mwenye miiba anayelila, kiwavi.
Boróka, mwana wa nchi isiyo na bahari,
ana majina mawili, daftari la safu nyingi,
na glavu iliyotoboka kidole cha shahada.

Amepiga magoti ukingoni mwa shamba la majaribio,
Julai, mwendo mfupi kutoka mto Körös.
Mahindi yamemzidi kimo,
mbelewele zinamwaga unga wa njano
kila upepo unapojigeuza ubavu.

Mahindi haya yamefundishwa ukali.
Ndani ya bua, ndani ya jani, ndani ya chavua
mna kitu kilichoazimwa kwa bakteria wa udongoni,
humtoboa bungua tumbo
kabla bungua hajalitoboa bua.
Sawa. Bungua ni mwizi, na amehukumiwa kwa jina.
Lakini chavua haiulizi jina.
Inatua.

Swali la Boróka ni dogo, halifai kwa hotuba:
chembe ngapi, kwenye kipande cha jani kama ukucha,
hatua ngapi kutoka mstari wa mwisho wa mahindi,
kabla ya mvua au baada yake,
na anayeuma hilo jani ametoka yaini lini?

Hubandika utepe wa gundi, huubandua,
huinama juu ya darubini nyuma ya gari la taasisi
penye harufu ya mafuta na soseji ya jana.
Mita moja: mia na kumi na mbili.
Mita tano: thelathini na nne.
Mita kumi: tisa.
Anatazama tena. Anafuta. Nane, na moja huenda ni vumbi.

Bwana Gellért wa kampuni ya mbegu
amekuja na viatu visivyojua tope,
anataka neno moja: salama.
Vijana wenye bango pale langoni
nao wanataka neno moja: sumu.
Boróka ana sentensi ndefu, yenye "iwapo" tatu,
na hakuna aliyeleta kikapu cha kuibebea.

Vendel, mwenye ardhi, ndiye aliyeuliza vizuri:
"Daktari, wanakufa ama hawafi?"
"Wanakufa. Hata kule kusiko na chavua wanakufa.
Nyigu huwatagia mayai mwilini, ndege huwadonoa.
Mimi nahesabu waliozidi."
Vendel akajikuna shingo.
"Yaani harusini unamsaka asiyealikwa,
na wote wamevaa suti nyeusi."
"Hasa," alisema. "Na bibi harusi anahesabiwa pia."

Jumanne halmashauri ilituma trekta
kufyeka kando ya barabara, kwa ajili ya usafi.
Dakika kumi na moja.
Kundi la kwanza, la pili, la tatu,
wenye chavua na wasio nayo,
vibao, nyuzi, wiki sita,
vyote vikalala sawa chini, kijani kibichi kikinuka.
Dereva alimpungia mkono. Naye akampungia.

Kuna safu katika daftari: *sababu ya kifo*.
Haikuachiwa nafasi ya jibu kama hili.
Aliandika kwa mwandiko mdogo sana,
asije Gellért akalisoma kama habari njema,
asije mwenye bango akalisoma kama utani.

Jioni alikuta shina moja limeegemea waya,
na utando wa hariri, na kumi na saba ndani yake
wakila, wakila, kama watu wenye safari.
Kibao chao kilikatika. Kundi gani? Hakuna namba.
Akakaa nao chini, hakuandika kitu.

Kisha kidole cha shahada kikaanza kuwaka.
Kiwavi kimemwasha,
au kiwavi amemwasha?
Hapo hata sarufi yetu ingemwambia:
huwezi kumaliza sentensi
mpaka ujue ni nani.