Ufunguo wa Pili

Msongola ni Dar es Salaam, wanasema.
Kwenye karatasi za ardhi, ndiyo, ni jiji.
Kwenye magoti yangu ni tope la matuta ya mchicha,
na benki ya karibu ni nauli mara mbili
na siku nzima bila kumwagilia.

Basi pesa hutufuata yenyewe, kwa pikipiki.
Huvaa shati jeupe, huitwa Ngwale,
humuulizia mtoto kwa jina lake.
"Laki mbili, dada. Elfu kumi tu kwa siku, siku thelathini."
Ile *tu* huizungusha mdomoni kama pipi.
Ukipiga hesabu utaiona laki ya tatu imesimama mlangoni,
lakini nani hupiga hesabu
pampu imekufa, na jua la Januari liko juu ya miche?

Alichukua kitambulisho changu. "Kwa usalama."
Sikumuuliza usalama wa nani.
Mwezi ukaisha nikidaiwa siku tisa,
siku tisa zikazaa faini, faini ikazaa wajukuu.
Kausha damu, huku ndivyo tunavyoiita.
Kwangu ilikausha na usingizi:
pikipiki ikipita usiku, hata ya jirani, nilizima taa.

Na kila Jumapili saa tisa
nilikuwa mwenye ufunguo wa pili.

Sanduku letu ni la bati, rangi ya kijani,
kufuli tatu, wanawake watatu:
Zamoyoni, mimi, na Bi Sikudhani,
ambaye akiumwa tunalibeba hadi kitandani kwake.
Tunakaa stoo ya duka la mbolea, juu ya magunia,
tunahesabu kwa sauti
ili hata asiyejua kusoma asikie pesa yake ikitajwa.
Hisa, elfu mbili. Kuchelewa, mia tano. Simu ikilia, mia tano.
Riba kumi kwa mia, imeandikwa ukutani kwa mkaa.
Niliwafungulia wenzangu wakakopa ada, mabati, jeneza,
kisha nikafunga, nikarudi kwa nyuma ya migomba
nisikutane na Ngwale.

Aibu ilikuwa kufuli la nne.

Siku niliyosimama nilisema, "Naomba laki tatu."
"Za nini?"
"Pampu."
Zamoyoni hakuinua macho kwenye daftari.
"Pampu ulinunua Januari. Unadaiwa wapi kwingine?"
Nilisikia panya kwenye magunia.
Nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenikumbatia.
"Hisa zako elfu arobaini na sita. Mara tatu.
Laki moja na thelathini na nane. Zaidi ya hapo, hapana."

Niliichukia ile hapana njia nzima,
hadi nilipokuwa nanawa miguu nikakumbuka
kwamba Ngwale hajawahi kuninyima.

Jumatatu Bi Sikudhani akaja, miguu imevimba,
kalamu ameichomeka kwenye kilemba.
"Twende. Kulipa deni si kwenda chooni, mtu aende peke yake."
Ngwale akataja laki mbili na ushee.
Bibi akaomba kuona daftari. Hana.
Akaomba kuona leseni. Akakohoa.
Wakavutana mpaka adhuhuri.
Akapokea zote, akasema bado arobaini,
na bibi akamwandikisha hiyo arobaini, kwa herufi,
kwenye ganda la sigara, ikiwa ya mwisho, na sahihi yake.

Kitambulisho kilinuka droo yake.
Miezi saba gizani,
na picha yangu bado imekodoa macho.

Sasa nadaiwa na watu wanaoijua sufuria yangu.
Si raha. Jumapili wananitazama ninapochelewa.
Lakini riba ni elfu kumi na tatu na mia nane,
mwanzo hadi mwisho, haizai,
na deni hili lina siku yake ya kufa.

Jana pikipiki imepita saa nne usiku.
Taa sikuizima.
Nilikuwa natafuta ufunguo chini ya mto, kwenye kanga, kila mahali,
kumbe nimeuvaa shingoni.