Sita kwa Mbili

Umeandika, Bwana Meneja, nijieleze kabla ya Ijumaa:
mbao thelathini, sita kwa mbili, futi kumi na mbili,
zimo katika daftari langu asubuhi
na jioni hazimo ghalani.
Unauliza nimemuuzia nani.

Nianze na mnyororo.
Siku ya kwanza niliyoandika "ndoano imeliwa na kutu"
ilikuwa Jumatatu ya mvua, ile mvua ya Elburgon
inayonyesha kama mgeni asiye na pa kwenda.
Nikaandika tena. Nikaandika mara ya tatu, kwa wino mwekundu.
Kurasa zipo. Zina muhuri wako: IMEPOKELEWA.
Kutu nayo ikaendelea kula.

Gogo la msonobari likichopoka halitoi sauti.
Sauti tuliyoisikia ilikuwa ya Gathogo.
Daktari wa Nakuru akauchukua mguu mmoja,
akamwachia mwingine usiosikia hata kiwembe.
Wewe ulituma unga, kilo kumi, na pole.

Fidia ilikuja, sikatai.
Ilikuja kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, mezani ofisini,
na ofisi yako ina ngazi ya vidato vitano.
Aje mwenyewe, atie sahihi mwenyewe:
ndiyo kanuni.
Mwezi wa kwanza tulimbeba, mimi na Chumo,
mmoja huku na mmoja huku, kama tubebavyo magogo,
naye akajifunika uso kwa kofia,
mtu aliyekuwa akilipasua gogo kwa macho
kabla msumeno haujaligusa.

Jerotich, karani wako, aliiona ile kofia.
Tangu hapo alishuka yeye, kitabu kwapani,
tumbo likimtangulia, mwezi wa saba, wa nane,
akapiga magoti kwenye vumbi la mbao
ili Gathogo atie sahihi bila kuinua shingo.

Kisha akaenda kujifungua.
Sheria imempa miezi mitatu. Wiki ya sita ukampigia simu:
wapo wanaoimezea mate meza yako, ukamwambia.
Akarudi. Mtoto akabaki Mariashoni kwa nyanyake.
Kila saa nne blauzi yake inalowa,
na tone moja, Bwana Meneja, limetua kitabuni,
ukurasa wa mishahara, kando ya jina lako.
Labda ulidhani ni chai.
Na kushuka ngazi ukamkataza.

Basi nikahesabu. Ndiyo kazi uliyoniajiria.
Vidato vitano, kila kimoja inchi saba: thelathini na tano.
Fundi Mang'oli anasema kiti cha magurudumu kinataka
futi moja ya kwenda kwa kila inchi ya kupanda.
Futi thelathini na tano, basi,
na kona moja pale penye pipa la maji.
Mbao ishirini na nne za kukanyagia.
Sita za miguu.

Sita za miguu. Narudia
kwa sababu kalamu ilinikwama hapo.

Kiwanda kinachopasua mbao za nusu ya Bonde la Ufa
kilikosa za kutandika mlangoni pake.
Tulipigilia usiku wa Jumamosi, kwa taa za simu.
Misumari tulinunua wenyewe; risiti nimeambatisha.

Unauliza ziko wapi?
Unazikanyaga tangu Jumatatu.
Nimekuona kutoka dirisha la ghala:
goti lako lile la kushoto,
lile usilomwambia mtu,
halikusimama njiani hata mara moja kupumzika.

Kata mshahara ukitaka; hesabu yake nitakufanyia mimi,
ubao kwa ubao, nisikuibie senti.
Ila ndoano ni ileile.
Leo aliye chini yake ni Chumo,
na hili ninaliandika
mara ya nne.