Kiserema

Baba alikufa Februari, Ngomeni,
nyumba ya tatu kutoka korona iliyozimwa.
Sanduku lake la bati lilikuwa na suruali ya kazi,
kisu cha mkonge kilichonolewa hadi kikabaki ulimi,
na vipande kumi na vinne.

Mbele: jina, Ntabaliba. Namba, 4071.
Viboksi thelathini vya siku za kazi.
Nyuma: sayari.

Sisemi kwa mafumbo. Sayari,
kwa penseli iliyoibwa kwa karani,
ina mito, ina mashamba, ina historia.
Inaitwa Kiserema, maana ukiitazama kwa mbali
imelika upande mmoja kama jembe la mjane.
Ina majua mawili. La kwanza huchomoza saa kumi na mbili,
kama hili la Muheza.
La pili ni dogo, lina zamu ya usiku
na halilipwi ovataimu.

Wenyeji wa kwanza walikuwa na mikono minne:
miwili ya kulima,
miwili ya kuiomba ardhi radhi.
(Pembeni ameandika: *hii ya radhi ndiyo ilikatwa kwanza.*)

Kipande cha Agosti. Wanashuka Wapimaji
na mnyororo mrefu kuliko mwaka.
Wanapima bonde, wanapima mto,
wanampima mtoto aliyelala.
Walichopima kikawa chao.

Kipande cha Oktoba. Watu wanaletwa kutoka nyota nyingine,
namba za chokaa vifuani.
Majani thelathini kwa tita,
na siku ya Kiserema ina saa arobaini.

Kimoja kimelowa, mwezi hausomeki.
Hiki ni cha vita. Vita hakuvichora.
Amechora viatu.

Kisha uhuru, na bendera
ya rangi ambayo penseli haiwezi.
Meneja mpya anakalia kiti cha zamani,
anashangaa bado kina joto.
Kisha huko, sayari ya mbali kabisa,
mtu mmoja anapika kamba kwa mafuta mazito
na bei inaanguka kabla ya chakula cha mchana.
Jua la pili linauzwa kama chuma chakavu.

Hapo nilicheka.
Mama hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele.

"Kipande kikichafuka hakilipwi," alisema.
"Mnyapara Shemdoe alikuwa na sheria hiyo moja tu.
Vipo vingapi hapo? Kumi na vinne?
Hesabu mwenyewe: mwaka, na miezi miwili.
Baba yako hakuwa mlevi.
Hakuwa na mwanamke Pongwe, nilichunguza.
Kumbe hiyo nchi yenu ya angani
ndiyo ilikuwa inakula unga wetu."

Sikuwa na jibu. Nikasoma cha kumi na tatu,
kwa sauti, kama mtu anayelipa sehemu ya deni:

*Kiserema kiserema, jembe lisilo mpini,*
*juu jua linahema, na jingine li zamuni,*
*udongo wako ni mwema, wenye nao ni wageni,*
*waliolima wahama, nani awalipe deni?*

"Mizani imekaa," alisema Mama,
kwa sauti ya mtu anayekagua nyanya sokoni.

Nje, mkonge wa kampuni uliosahauliwa
umetoa milingoti. Mkonge hutoa maua mara moja,
ukishatoa, unakufa;
huko juu unaning'iniza watoto wake,
upepo uwaangushe wanakotaka kuanguka.
Nilitaka kumwambia Mama hilo.
Amezaliwa humu. Analijua kuliko mimi.

Basi nikampa cha kumi na nne.
Hakina maneno, na yeye hasomi.
Kina mwanamke mlangoni, chini ya jua moja lililobaki,
mikono miwili imeshika ungo,
mingine miwili imefunguka, haina kitu.

Mama aliweka ungo chini.
Alikitazama muda wa chungu kuchemka.

"Pua," alisema, "kaikosea."