Pigo la Tatu

Hamamatsu, jua dogo, upepo baridi kali,
Kinue na meza ndogo, tarakilishi si ghali;
mjukuu kwa kidogo kamwonyesha, kenda mbali.
Sasa yupo na kipanya.

Kiwandani kwa piano, kazi ya tangu ujana,
vibonye kama ni meno, akivigusa kwa kina;
sauti tano kwa tano, kucheza wimbo hapana:
ndivyo walivyoagizwa.

Vidole leo vigumu, baridi yabisi tele;
programu haina hamu ya kasi wala kelele,
humngoja kwa nidhamu abofye hapa na pale.
Akibofya: du! Na tena.

Visanduku vyake safu, kumi na sita kamili,
kama mizani sanifu ya shairi hili hili.
Cha kwanza, ngoma dhaifu; cha tano, ngoma ya pili;
vingine ni kimya tupu.

Mapigo hayana kosa, yanakwenda kama saa;
hata paka akasusa, kizingitini kukaa.
Kinue alijitesa hadi kuzima kwa taa.
Safi, safi kama mfu.

Usiku mmoja, chini, Sugiura kachukia,
ufagio mkononi, dari akaipigia:
ko, kimya, ko, sakafuni, la tatu likasalia
nyuma kidogo ya pigo.

Hakuomba samahani; alitafuta kinasa,
kwenye mkeka, pembeni, akakiweka kunasa,
kisha, mwizi wa jirani, kaongeza ngoma hasa.
Ufagio ukajibu.

Kiooni, lile pigo lilikaa kando kando;
akalivuta kidogo lilingane na mwenendo.
Papo likafa: ni gogo, hasira bila kishindo.
Akalirudisha nyuma.

Akasogeza matari, na ngoma, na besi nzito,
vyote vingoje safari ya yule mwenye fukuto.
Na wimbo, kwa ile siri, ukatembea kitoto.
Paka akarudi ndani.

Machi, lori la kuhama likangoja ujiani.
Sugiura kainama kuaga kama jirani;
akasema: "Zile ngoma zilinijia ndotoni."
Wala hakutabasamu.

Kinue hakumwambia kuwa amemweka humo.
Wageni wamehamia chini; dari bila domo.
Faili limesalia, "Ufagio Tatu" limo:
halikosi kuchelewa.

Kuna kisanduku wazi, mwisho wa safu, cha giza.
Mjukuu kwa ujuzi aliuliza: "Wajaza?"
Kinue, bado na kazi, sikio akalilaza
sakafuni.