Chapa

Nilikikata mimi, Bi. Kalunde,
kile kipande cha utumbo wako, ukubwa wa punje ya karanga,
nikakizamisha ndani ya nta ya moto, ikapoa,
kikawa tofali dogo jeupe
lenye namba badala ya jina.
Uliponiomba nikuonyeshe, ulilinusa kwanza.
"Hii si nta," ukasema. "Haina nyuki."

Ni kweli. Ni ya mafuta ya ardhini, huja kwa katoni.
Wewe na nta mnajuana:
miaka ishirini na sita sokoni hapa Tabora
ukikamua masega kwa gunia,
vidole vimenata hata noti zinakufuata zenyewe.

Tofali likasafiri. Wiki sita.
Mvua ikakata, magari ya tumbaku yakaanza kupita,
vumbi likarudi Ipuli.
Leo majibu yamefika, kurasa tatu,
nami sijui niyashike wapi.

Nikaanza kwa mbali.
Ndani ya kila seli, nikasema, kuna maandishi marefu,
herufi nne tu, zinarudiwa na kurudiwa.
Ungedhani saratani ni kosa la mwandishi,
herufi iliyorukwa, neno lililopinda.
Yapo makosa ya namna hiyo. Lakini hapa walipotazama
maneno ni yaleyale aliyokupa mama yako kule Sikonge,
halikufutwa hata moja.
Kilichoongezeka ni alama:
kaboni moja na haidrojeni tatu,
chungu na mafiga yake,
imetegwa juu ya herufi, hapa,
na hapa,
na hapa pia,
mpaka jeni iliyokuwa ikilinda mlango
imenyamaza, na sauti yake bado iko kooni.

"Kama chapa," ukanikatiza.

Marehemu Mhoja alichonga kwenye kila mzinga
mikato miwili na tundu.
Tangu azikwe, mizinga mitatu ingali juu ya miyombo,
imejaa, inavuma,
na hakuna anayepanda.
"Wanaiona chapa, wanapita. Asali imo. Haisemi."

Nilikaa chuoni miaka mitatu, Bi. Kalunde.
Hakuna aliyenieleza hivyo.

Ukurasa wa tatu ndio ulionikausha mate.
Wamezihesabu alama zako, wakazipima na za wengine,
waliopona na waliorudiwa:
katika watu mia wenye alama kama hizi,
sitini ugonjwa huwarudia kabla ya mwaka wa tatu.
Nilisema polepole, macho mezani.
Wewe ulikuwa unafunga pindo la kanga, nauli ndani yake.
"Mimi siko mia," ukasema. "Mimi ni mmoja.
Huyo mmoja anasimama upande upi?"

Karatasi haisemi. Nimeigeuza hata nyuma, ni nyeupe.
Inaujua moshi, haiujui upepo.
Inachosema ni: usingoje. Upasuaji pekee hautoshi,
dawa zianze mwezi huu, Mwanza.
"Mwezi huu ni wa kurina," ukajibu,
ukaondoka bila kufunga mlango.

Nikadhani nimekupoteza.
Usiku nikaota naparura herufi kwa ukucha, moja moja,
na kila nikibandua alama inaota nyingine.

Jumanne nikasikia kwa watu:
umemtuma Shija na kamba na mwenge,
umemwambia chapa ya mjomba wake aione na apande tu.
Mzinga wa kwanza umelipa tiketi ya treni.
Wa pili haujulikani, nyuki walimshusha mbio.

Asubuhi hii, kando ya hadubini,
nimekuta donge la nta ya njano ndani ya gazeti,
lina vumbi la mti na bawa moja limeganda.
Umeshaondoka.
Nimelizungusha kutafuta pa kuliweka,
rafuni kuna matofali mia nne, yote yamepangwa.

Hili halina namba.