Kabati la Ghorofa ya Nne

Msoma mita hana rafiki.
Nikibisha hodi mtaa wa Ołbin, Wrocław, Jumanne ya theluji,
watu huzima redio wajifanye hawapo.
Nasema tu, "Umeme,"
nao hunifungulia kwa uso wa shahidi aliyeitwa mahakamani.

Kwa hiyo sikutegemea kitu kwa Bogumił,
mchomelea vyuma wa karakana ya tramu,
lifti mbovu tangu Pasaka,
mita nyuma ya makoti, ndani ya kabati
linalonuka dawa ya nondo.
Nikamulika tochi, nikasoma kwa sauti:
"Nne, sifuri, saba, moja, tisa."

Kimya.
Kisha nyuma yangu, sauti imeshukia kifuani:
"Usiushike mpini, Ilma."

Wewe hukuiona *Taa ya Saba*, sikulaumu.
Misimu miwili tu, Alhamisi usiku,
mimi nina miaka kumi na mmoja, natakiwa niwe nimelala.
Kituo kinazunguka sayari iliyokufa,
kuta za kadibodi, nyota za balbu za Krismasi,
na roboti Kuta, ambaye hata mdogo wangu alijua
ni mashine ya kufulia iliyopakwa rangi ya fedha.
Kipindi cha mwisho Ilma anabonyeza tarakimu zile tano,
anaushika mpini wa mlango
ambao misimu yote miwili tumeambiwa usifunguliwe,
na pesa zikaisha.
Ya tatu haikuja.
Mkono wake uko palepale mpaka leo.

Nilidhani nimebaki peke yangu na ule mkono.
Bogumił akaweka birika jikoni.
Nilichelewa nyumba tisa siku ile.

Tangu hapo nawaona. Wapo!
Daktari wa meno, barakoa usoni, chuma kinywani mwangu,
alimwinamia msaidizi wake: "Taa yako inawaka?"
Nikawahi kujibu mimi, kwa ulimi uliokufa ganzi,
"Inawaka, nakuona,"
ikatoka kama mbwa anayekoroma.
Alicheka hadi akaiangusha pamba.
Polisi wa barabarani, Żaneta kwa jina la kifuani,
aliiona beji kwenye mkoba wangu,
akagusa shingo kwa vidole viwili, saluti ya kituoni,
kisha akaniandikia faini. Yote. Bila punguzo.
Na Sista Hiacynta, foleni ya donati, Alhamisi kabla ya Kwaresima:
yeye anashikilia kwamba Kuta hakudanganya,
mashine haina dhambi.
Mimi nasema alidanganya, tena kwa makusudi.
Tulibishana mpaka za jamu ya waridi zikaisha,
tukaondoka na zile kavu, kila mtu na hasira yake,
na furaha, sijui niiite nini nyingine.

Usidhani tunapendana.
Kura zetu zinatukanana, timu zetu zinarushiana chupa.
Daktari yule ni ghali kama mwizi.
Ila mtu akisema tarakimu tano
tunageuka sote, shingo moja.

Mwaka huu kampuni imeleta mita mpya.
Zinajisoma zenyewe, zinatuma hesabu usiku,
hazihitaji ngazi wala hodi wala mimi.
Jengo zima limeshabadilishiwa,
isipokuwa ghorofa ya nne, mlango wa kulia.
Mteja ameandika barua tatu, kwa mkono:
kabati limekwama, halifunguki.

Nikatumwa na bisibisi, nyundo na fomu.
Bogumił alifungua kabla sijabisha.
Vikombe viwili vilikuwa mezani.
Kabati nyuma yake liko wazi, makoti yananing'inia,
mita ya zamani inazungusha kisahani chake
taratibu, kama isiyo na habari.

Tuliitazama. Hakuna aliyesema neno.
Nikaivua kofia, nikakaa, nikaomba kalamu,
na penye *Hali ya mlango*
nikaandika: haufunguki.