Mbegu ya Jirani

Bi Nagatomo aliniinamia mlangoni kabla sijazima gari.
"Nisamehe," alisema, "kwa harufu."
Miaka kumi na tisa nakagua matangi ya bonde hili la Kochi,
kila nyumba na tangi lake chini ya changarawe,
na bado sijakutana na asiyeona haya
kwa kilichofukiwa uani kwake.

Nikafunua.
Pampu ya hewa ilinguruma, viputo vilipanda,
lakini yale magurudumu madogo ya plastiki
yalikuwa meupe.
Meupe pe, kama meno ya bandia ndani ya glasi.
Mwingine angesema: safi!
Mimi moyo ulinishuka.

Pale pangekuwa na utando,
ute wa rangi ya chai iliyolala,
mji ulioshikamana bila fundi wala ramani:
wa juu wanapumua,
wa chini, gizani, wanakula makombo ya wa juu,
na maji ya choo, ya mchele, ya kuogea
yanapita katikati yao yakitafunwa polepole
hadi yanatoka hayana la kusimulia.

"Umemwaga nini?"
Akanyamaza. Kisha akanionyesha chupa za klorini,
tatu, tupu.
Binti yake alikuwa anakuja kutoka Osaka na mchumba.
"Nilitaka pasinuke," alisema.
Na sasa uvundo ulifika barabarani,
na mchumba alikula amebana pumzi.

Sikujua nimwambieje.
Nikaona jikoni chungu chake cha pumba
anamozika matango na figili usiku,
pumba aliyoirithi kwa mama mkwe,
anayoivuruga kila asubuhi kwa mkono mtupu.
"Hiki ungekitia klorini?"
Alicheka. Akaacha kucheka.
Akautazama mkono wake.
"Kumbe nimewaua."

Wengi. Si wote.
Watarudi, nikamwambia, ila kwa baridi hii itachukua miezi.
Au tutafute mbegu,
kwenye tangi zima, lililo karibu.
Tukageuka wote wawili kuutazama ua wa michai
na ng'ambo yake paa la Bi Ochiai,
asiyesemezana naye tangu mwaka wa mafuriko,
kwa ajili ya mfereji.

Sikumwambia nenda.
Nilijifanya natafuta glavu.
Alivaa viatu vya mpira, akapenya ua.
Sikusikia walichosema. Kilikuwa kifupi.
Aliporudi, Bi Ochiai alimfuata,
miaka themanini na mbili, ndoo mkononi,
hataki kupokewa, hamwagi hata tone.
"Ya leo leo," akasema,
kama mtu anayeleta mayai.

Tukamimina. Maji yakawa kahawia.
Hakuna aliyeziba pua.

Nilirudi squash zikiwa zimeshapandwa — la, uongo,
nilirudi mapema, sikuweza kusubiri.
Nikatoa gurudumu moja, nikalipapasa kwa kidole.
Liliteleza.
Kwenye fomu niliandika: utando upo, mwembamba.
Hakuna kisanduku cha kuuliza aliuleta nani.
Nyuma yangu wale wawili walikuwa wameshaanza,
sauti juu, mikono kiunoni,
kubishana upya kuhusu mfereji.